Shangazi, nimwache Mama nihamie kampuni kubwa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 30, naishi Mbagala na nafanya kazi kwenye ofisi ya kugomboa mizigo hapa Dar es Salaam. Tuko watu saba, ukimhesabu na bosi mwenyewe, ambaye sote tunamwita Mama. Nilisomea ununuzi na ugavi, lakini nilipomaliza chuo nilikaa mtaani mpaka nikaanza kuuza vitenge kwa WhatsApp. Mama alinichukua sina uzoefu wowote, akanikalisha pembeni ya meza yake, akanifundisha. Leo mzigo ukiingia naushika tangu nyaraka zinapotoka kwa mteja. Nafungua TANSAD, yaani tamko la mzigo, kwenye mfumo wa forodha, nafuatilia kodi, nabishana na wakala wa meli, naenda bandari kavu kusimama kwenye ukaguzi, hadi kontena linatoka getini. Mteja wa Kariakoo akipiga simu saa nne usiku, anayepokea ni mimi. Huu ni mwaka wa nne.

Sasa nimeitwa kwenye usaili na kampuni kubwa ya usafirishaji, ya kimataifa, jina lake nadhani hata wewe unalijua. Nimepita. Nitakuwa ofisa wa nyaraka upande wa mizigo inayopita kwenda Zambia na Kongo. Mshahara ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi pamoja na bima ya afya. Mkataba ni wa mwaka mmoja na unaweza kuongezwa. Barua waliyonitumia ina nembo ya kampuni, ila aliyesaini ni ofisi nyingine inayowatafutia wafanyakazi. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi nijibu.

Kwa Mama mshahara wangu ulioandikwa ni 400,000. Wakikata NSSF, kodi na Bodi ya Mikopo nabaki na 292,800. Halafu kila mwezi Mama ananirushia 600,000 kwa simu, anaiita posho. Jumla napata karibu laki tisa, na hajawahi kuchelewesha. Baba yangu alipolazwa, Mama ndiye aliyelipia dawa, na hadi leo hajanidai hata senti.

Kila mtu ana lake la kuniambia. Mchumba wangu, ambaye tunafunga naye ndoa mwezi wa kumi, anataka niende. Mjomba wake aliniuliza mbele za watu nafanya kazi kampuni gani, nilipotaja akasema, "Ndiyo ipi hiyo?" Rafiki yangu mmoja aliye kampuni kubwa ya simu anasema napoteza muda, kwao kuna mafunzo na kupanda ngazi. Mwingine alipunguzwa kazini kwenye kampuni kubwa, anasema huko wewe ni namba tu, anayekuondoa hata sura yako haijui. Juzi pia nilikwenda benki kuomba mkopo nimalizie kulipia kiwanja cha Chanika. Walipoona slipu yangu ya mshahara wakanitajia kiasi ambacho hakitoshi hata matofali.

Nampenda Mama, na kazi naipenda. Lakini naogopa nisije nikafika miaka 40 bado niko chumba kilekile cha ghorofa ya tatu nafanya kila kitu. Ndoto yangu, ambayo sijamwambia mtu, ni kuwa na ofisi yangu ya kugomboa mizigo. Nibaki ofisi ndogo au niende kampuni kubwa? Na nikiondoka, nimwambieje Mama asinione sina shukrani?

Binti wa Nyaraka, Mbagala


Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupita usaili.

Kabla ya ndogo na kubwa tufanye hesabu, maana sidhani kama kuna hata mmoja kati ya washauri wako aliyeshika kikokotoo. Milioni moja na laki nne ni maneno matamu, lakini huo ni mshahara kabla ya makato. NSSF itachukua asilimia 10 yako, yaani 140,000. Inayobaki, 1,260,000, ndiyo inayotozwa kodi ya mapato, na kwa viwango vya TRA vya sasa kodi yake ni 206,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, hiyo ni 210,000 nyingine. Utakayoshika mkononi ni 844,000. Leo unashika 892,800. Kwa hiyo mjomba atafurahi, lakini mfukoni utakuwa umepungukiwa shilingi 48,800.

Usikimbilie kufuta ofa, hapo hatujamaliza. Kwenye hiyo milioni moja na laki nne, NSSF itapokea 280,000 kwa jina lako kila mwezi, nusu yako na nusu ya mwajiri. Leo inapokea 80,000. Deni la Bodi, ambalo lazima ulilipe utake usitake, litapungua kwa 210,000 kwa mwezi badala ya 60,000. Hela hiyo haijapotea, huioni tu.

Umeniuliza kuhusu ukubwa wa kampuni, lakini mimi nimesoma barua yako yote na kinachonikosesha raha ni ile 600,000 inayoingia kwenye simu.

Mama ni mtu mwema, sina shaka. Ila ile posho ni wema wake, si mshahara wako, na tofauti yake utaijua siku usiyotaka. Unaolewa mwezi wa kumi. Ukijaliwa ujauzito, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukipata mapacha. Malipo ya nini? Ya mshahara ulioandikwa, laki nne. Hiyo laki sita Mama atakurushia kama moyo utamtuma na kama miezi hiyo biashara imeenda vizuri. Hivyo hivyo kwenye ugonjwa. Na kwenye kuachishwa kazi, ambako kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, hadi miaka 10. Siku 7 za laki nne, mwanangu, ni nauli na chakula cha mchana. Pensheni ya NSSF nayo, ambayo inataka uwe umechangia miezi 180, inatazama mshahara uliochangiwa, haijui habari ya posho. Benki wamekuonyesha hilo tayari. Hawakukudharau, walikopesha ile slipu waliyoiona.

Hili ndilo jambo ambalo watu wanaliita "ofisi ndogo" wakati halina uhusiano na udogo. Nimekaa idara za utumishi miaka mingi, kwenye ofisi za watu wachache na kwenye ofisi zenye lifti tatu, na nimeona ofisi ya watu watano inayolipa kila kitu kwenye karatasi na shirika kubwa linalowalipa vibarua wake kwa bahasha.

Sasa tuitazame hiyo barua ya ofa. Umeandika kwa haraka, kama jambo dogo, kwamba aliyesaini ni ofisi nyingine. Hapo nilisimama nikasoma tena. Mwajiri wako ni yule anayesaini mkataba na kulipa mshahara, siyo mwenye nembo. Ikiwa ni wakala ndiye anayekuajiri na kukupeleka ukafanye kazi kwenye jengo la kampuni kubwa, basi yale mafunzo na zile ngazi anazozisimulia rafiki yako wa kampuni ya simu huenda zisikuhusu kabisa. Utavaa kitambulisho shingoni, utakula kwenye kantini yao, na sherehe ya mwisho wa mwaka utasikia tu muziki. Na mkataba wa mwaka mmoja hauhitaji mtu wa kukufukuza. Tarehe ikifika, mkataba unakufa wenyewe. Unaweza kujikuta umehama kutoka ofisi ya watu saba yenye Mama kwenda ofisi ya watu watano isiyo na Mama.

Kuna na jambo la miezi 6 ya mwanzo. Kinga ya kutoachishwa kazi isivyo halali haimhusu mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, na likizo za malipo nazo zinamtaka awe ametimiza muda huo. Kwa bibi harusi wa mwezi wa kumi, hilo ni la kuweka kwenye kalenda.

Kuhusu usalama, rafiki yako aliyepunguzwa ana haki ya kuumia, lakini fundisho lake amelichukua nusu. Kampuni kubwa inaweza kuondoka, ni kweli. Wewe uko bandarini, unajua: TICTS walishika kitengo cha makontena tangu mwaka 2000, mwishoni mwa 2022 mkataba ukafika mwisho na leo unashughulika na waendeshaji wengine. Uchumi, lile duka kubwa la Kenya, lilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Lakini ofisi yenu imesimama juu ya mtu mmoja. Mama akiugua miezi mitatu, nani anaongea na wateja wakubwa? Leseni ya wakala wa forodha inahuishwa kila mwaka, na mwenzenu mmoja tu akidanganya thamani ya mzigo, TRA hawatauliza nani alimfundisha nani. Kuanguka kwa kubwa kunaandikwa gazetini. Kwa ndogo, unafika asubuhi unakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo kwenye usalama sioni mshindi, tuendelee.

Kwenye kujifunza ndiko ninakoona tofauti ya kweli, na ndiko kulikonifanya nielemee upande mmoja. Kule utakuwa mtu wa nyaraka za transiti, yaani mizigo inayopita tu kwenda nchi nyingine. Utazijua vizuri kuliko mtu yeyote, utajua dhamana zake, utajua Tunduma kunakwama wapi, na utajifunza jinsi kampuni kubwa inavyoandika kila hatua ili mtu akiondoka mwingine aendelee kesho yake. Hilo la kuandika hatua ni somo kubwa na ofisi ndogo nyingi zinakufa kwa kutolijua. Lakini hutamwona mteja. Hutapanga bei. Hutapigiwa simu na mtu analia kontena lake limekaa bandarini, storeji inapanda, na wewe ndiye wa kutafuta njia. Mtu ambaye ndoto yake ni ofisi ya kugomboa mizigo tayari anasomea ofisi ya kugomboa mizigo, tena analipwa. Wengi wenye ndoto kama yako wangeomba kukaa kwenye hicho kiti pembeni ya meza ya Mama.

Ndiyo maana jibu langu ni ubaki, miaka miwili au zaidi kidogo, lakini si kwa masharti uliyo nayo leo. Nenda kazungumze na Mama wiki hii. Usimwendee na machozi wala vitisho, mwendee na karatasi.

Kwenye karatasi andika hivi. Leo unamgharimu Mama 1,040,000 kwa mwezi: mshahara 400,000, NSSF yake 40,000, posho 600,000. Sasa, kama hiyo posho haimo kwenye vitabu vya kampuni, na inavyorushwa kwa simu nadhani haimo, basi haihesabiki kama gharama. Kampuni inailipia kodi ya asilimia 30 kana kwamba ni faida. Akikuandikia mshahara wa 1,200,000 wote kwenye karatasi, ataongeza NSSF ya 120,000, jumla 1,320,000. Ni 280,000 zaidi ya leo. Lakini gharama zinazoonekana vitabuni zitakuwa zimepanda kwa 880,000, na kodi ya kampuni itashuka kwa 264,000. Kama ofisi inapata faida, uamuzi wote huo unamgharimu Mama kama shilingi 16,000 kwa mwezi, bila kuhesabu nyongeza ndogo ya mchango wa WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mhasibu wake athibitishe, asiniamini mimi. Na mtu asije akakutisha na ile tozo ya kuendeleza ujuzi. Inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi, ninyi mko saba.

Kwako wewe itauma mwanzoni, sikufichi. Kwenye 1,200,000 utabaki na 748,000 mkononi. Ni pungufu ya laki moja na nusu hivi kwa unavyoshika leo, kwa hiyo harusi ipangeni kwa bajeti hiyo. Lakini utakuwa na slipu ambayo benki itaisoma, likizo ya uzazi ya mshahara mzima, na 240,000 NSSF kila mwezi. Kabla ya hapo pitia ofisi ya NSSF na namba yako ya uanachama, waombe taarifa ya michango. Slipu kuonyesha makato ni jambo moja, makato kufika ni jingine.

Omba na mambo mengine mawili. La kwanza, akulipie au akuruhusu kusoma cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kile kinachofundishwa Chuo cha Kodi. Leseni ya wakala inatolewa na TRA, na huwezi kuikaribia bila watu wenye sifa. Cheti hicho kitamfaa Mama leo na kitakufaa wewe kesho, na Mama anaijua kesho hiyo hata kama hujamwambia. Watu wa aina yake walianza hivyo hivyo. La pili, hizo simu za saa nne usiku ziwe na zamu. Wiki ya kazi kisheria ni saa 45, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Sisemi umdai za miaka minne. Nasema mgawane na wenzako watano, mtu mmoja asiwe mlinzi wa Kariakoo nzima.

Kuhusu ofa, mwambie. Bandarini habari hazilali njaa, na ni heri aisikie kwako. Mwambie hivi: "Mama, nimepata nafasi mahali pengine. Kabla sijajibu nimekuja kwako, kwa sababu ningependa kubaki. Naomba tuangalie hesabu hizi." Kisha nyamaza. Akihitaji siku mbili tatu za kufikiri, mpe.

Na zile dawa za baba yako. Najua ndizo zinazokufunga ulimi. Alichofanya Mama ni utu, na utu unaujibu kwa utu: siku yake ya shida uwe wa kwanza kufika, msimulie watoto wako habari zake. Huujibu kwa kuacha kudai mshahara uandikwe. Mama mwenye akili atalielewa hilo, na kwa jinsi ulivyomweleza, ana akili.

Akikataa je? Akisema "ninyi watoto wa siku hizi" na kukurudishia karatasi yako, hapo umepata jibu ambalo mimi nisingeweza kukupa. Rudi kwa wale wa ofa, waombe mkataba wenyewe badala ya barua, usome jina la mwajiri, uulize nani analipa NSSF, bima inamhusu mume na mtoto au wewe peke yako, na waliokuwa kwenye nafasi hiyo kabla yako wako wapi sasa. Swali hilo la mwisho liulize kwa upole na umtazame usoni anayejibu. Ikiwa kampuni yenyewe itakubali kusaini, na hasa mkataba wa kudumu, nafuta yote niliyosema juu ya kubaki na nitakusindikiza hadi getini kwao. Ikiwa ni wakala na mwaka mmoja, nenda ukijua ni mwaka mmoja, chota ujuzi wa transiti, na uanze kutafuta kituo kinachofuata ukifika mwezi wa nane.

Ukiondoka, mpe Mama notisi ya maandishi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi. Ningependa umpe hata zaidi, umfundishe atakayeshika mafaili yako, na orodha ya simu za wateja uiache ofisini. Omba cheti cha utumishi, ni haki yako. Wateja watakutafuta wenyewe siku ukifungua ofisi.

Mjomba wa mchumba wako nimemwacha kwa makusudi. Akiuliza tena, mwambie alete kontena lake ulitoe.

Shangazi